Mchungaji aliyecheza na treni

Leo naanza na maungamo, kwa sababu bila hayo sitakuwa na uso wa kuyaandika yanayofuata.

Miezi michache iliyopita mzee mmoja wa kanisa alinitembelea nyumbani bila taarifa, kama wazee wetu walivyo na haki ya kufanya. Alikuja kwa habari ya paa la nyumba ya mwinjilisti. Mama Mchungaji alikuwa sokoni, mlango ulikuwa wazi, akapiga hodi, nikaitikia kutoka chumba cha nyuma, naye akafuata sauti. Akanikuta nimeinama juu ya ubao wa plaiwudi wenye urefu wa mita mbili, kibano mkononi, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua. Juu ya ubao kulikuwa na stesheni ndogo ya kadibodi, kilima cha jasi, njia ya reli, na kichwa cha treni kinachoenea kwenye kiganja.

Mzee akatazama kwa muda. Kisha akauliza, "Mchungaji, hii ni ya wajukuu?"

Nikajibu, "Ndiyo, mzee. Ya wajukuu."

Wajukuu wangu wanakaa mji mwingine. Aliye mkubwa ana miezi minane.

Tukazungumza habari ya paa, tukaomba, akaondoka. Usiku ule sikulala vizuri. Nimehubiri juu ya Anania na Safira mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na hapa nilikuwa nimemdanganya mzee wa kanisa kwa ajili ya kipande cha plaiwudi. Nilijiuliza kilichonitia hofu ni nini. Sikuwa nimeiba wala sikuwa nimelewa. Nilikuwa nacheza, na niliona aibu kwamba mtu mzima, tena mwenye kola ya uchungaji, amekutwa akicheza.

Niwaeleze ubao huu ulitoka wapi. Mwaka juzi presha ilinipanda. Daktari, kijana mpole, alinipima, akaandika dawa, halafu akaniuliza, "Mchungaji, ukiacha kazi, unafanya nini?" Nikamwambia nahudhuria mazishi. Akadhani ninatania. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mama watoto, naye hakucheka. Muda si mrefu mwanangu, ambaye anasoma Ujerumani, alikuja likizo na boksi la treni ya umeme iliyotumika, aliyoinunua kwenye soko la vitu vikuukuu. "Baba," akasema, "fanya kitu kwa mikono yako ambacho hakina ajenda wala muhtasari wa kikao."

Huu mchezo wa kujenga reli za mfano una watu wengi Ulaya na Marekani, na wengi wao si watoto hata kidogo. Mtu anachukua kipimo kimoja, kwa mfano 1 kwa 87 kama treni yangu, na kila kitu anachokitengeneza anakigawa kwa hesabu hiyo: mlango, mti, ng'ombe, nguzo ya simu. Anatandaza njia juu ya mataruma madogo kama njiti za kiberiti. Anachekecha mchanga mpaka chembe zilingane na kokoto za reli, anaumwaga katikati ya mataruma, kisha anaudondoshea gundi nyeupe iliyotiwa maji na tone la sabuni ya vyombo. Sabuni inaisaidia gundi kupenya. Bila hiyo inakaa juu kama ushanga na kuhamisha mchanga wote. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakikaushwa, yanakuwa udongo mzuri sana. Unga wa mbao ukitiwa rangi unakuwa majani ya malisho. Sifongo ikikatwakatwa inakuwa matawi. Wakongwe wa kazi hii wanasema kujenga ni nusu tu. Nusu ya pili ni kuchakaza: kupaka masizi kidogo pale moshi unapopita, kutu chini ya mfereji wa maji, vumbi kwenye magurudumu, mpaka kitu kipya kionekane kimeishi.

Nilipokuwa nikitafuta maarifa ya kazi hii nilikutana na watu ambao hawakuwa na aibu yangu. Nikashangaa kukuta kwamba baadhi yao ni watumishi wa madhabahuni.

Wa kwanza ni Peter Denny. Huyu alikuwa kasisi wa Kianglikana nchini Uingereza, alizaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 2009. Miaka ya 1940, vita vilipokwisha na nchi yake ikiwa bado katika uhaba, alianza kujenga reli ya mfano ya mji wa Buckingham. Mji wenyewe upo kweli, na kampuni ya reli aliyoichagua, Great Central, nayo ilikuwepo kweli. Ila reli ya kampuni hiyo haikuwahi kufika mjini humo. Denny aliipeleka yeye, chumbani kwake, akaweka saa ya dunia yake nyuma mpaka mwanzo wa karne ya 20, siku za Mfalme Edward VII, na hapo akaiacha. Alihamishwa mtaa hadi mtaa kama wanavyohamishwa wachungaji wote, mpaka akafika Cornwall kusini-magharibi ya nchi, na kila alipohama Buckingham nayo ilihama, ikabomolewa, ikarekebishwa, ikaongezwa. Aliendelea nayo kwa zaidi ya miaka sitini.

Sasa niwaeleze jambo la milimita moja na nusu, kwa sababu hilo ndilo lililonishika.

Reli ya kweli ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma. Waingereza wanaojenga reli za mfano wengi wao hutumia kipimo cha 1 kwa 76. Ukigawa, unapata upana wa karibu milimita 18.8. Lakini njia zilizokuwa zikiuzwa madukani zilikuwa na milimita 16.5, kwa sababu za kiwanda ambazo hazituhusu leo. Maana yake ni kwamba treni zote zilizonunuliwa dukani zilikuwa zikitembea juu ya reli nyembamba kuliko inavyostahili. Ukiipanua hesabu mpaka kwenye ukubwa wa kweli, ni upungufu wa karibu sentimita 18. Watu wengi hawaoni. Wakiona, wanasema si kitu.

Denny akawa miongoni mwa wachache wa mwanzo waliochagua milimita 18. Wala hiyo si hesabu kamili, lakini ilikuwa karibu zaidi na ukweli. Uamuzi huo ulimgharimu. Njia za dukani hazikumfaa tena, na magurudumu ya dukani nayo hayakuingia. Ilimbidi njia yake aitengeneze kwa mkono, taruma baada ya taruma. Mabehewa yake aliyajenga kwa karatasi ngumu na mbao. Yote hayo kwa ajili ya milimita moja na nusu, ndani ya chumba kimoja, mbele ya watazamaji ambao wengi wasingegundua.

Mimi sina haki ya kumcheka. Nilipopiga hesabu ya ubao wangu niliona aibu nyingine. Stesheni niliyoijenga ni ya kwetu, yenye mwembe na mama mwenye kapu la ndizi, na reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja. Katika kipimo changu hiyo ni milimita 11 na nusu. Njia iliyotoka Ujerumani ina 16.5. Nimempa yule mama mwenye ndizi reli pana kuliko aliyowahi kuiona maishani. Nimeamua kuiacha hivyo. Denny asingeiacha.

Katika Luka 16 Bwana wetu anazungumza juu ya mtu aliye mwaminifu katika lililo dogo. Tumezoea kulitumia fungu hilo kwenye fedha, hasa wiki ya mavuno, na ni sawa, maana pale palipo andikwa habari ni ya mali. Lakini ninapomfikiria Denny na kibano chake naona upande mwingine. Kuna uaminifu usioweza kukaguliwa. Hakuna mweka hazina wa kuuliza zile milimita ziko wapi, wala mkutano mkuu wa kuipokea taarifa. Mtu anafanya sawasawa kwa sababu kitu kinastahili kufanywa sawasawa, basi. Nilijiuliza ni mahubiri yangu mangapi niliyaandaa kwa njia ya milimita 16.5, nikijua washarika hawatapima.

Buckingham haikuwa ya kutazamwa tu. Iliendeshwa kwa ratiba, na treni zilitoka na kufika kwa kengele. Nieleze kidogo, maana ni utaratibu mzuri. Katika reli za Uingereza za zamani, kila kipande cha njia kilikuwa na mlinzi wake wa ishara, kila mmoja ndani ya kibanda chake, na walizungumza kwa kengele ya umeme. Pigo moja maana yake ni "nisikilize". Mwenzake anajibu pigo moja. Kisha mapigo manne: "je, njia iko wazi kwa treni ya abiria ya haraka?" Mwenzake akiyarudia yale manne, amekubali. Asiporudia, treni haiondoki, hata kama abiria wote wamekwisha kuketi. Treni ikiondoka yanapigwa mawili. Ikifika salama upande wa pili, mwenzake anapiga mawili na moja, na hapo ndipo kipande kile cha njia kinakuwa huru tena. Hakuna anayesukuma treni kwenda kwa mwingine kabla yule mwingine hajasema yuko tayari kuipokea. Ningependa utaratibu huo uanzishwe kwenye vikao fulani ninavyovijua.

Kwa kazi hiyo Denny alihitaji mtu wa pili, na mtu huyo alikuwa mtoto wake, Crispin. Baba upande huu, mtoto upande ule, kengele katikati. Lakini watoto hukua. Huenda shule, huenda kazini, huoa. Baba akabaki na kengele zisizo na wa kuzijibu. Akafanya nini? Akabuni na kutengeneza mashine ya umeme iliyoweza kupokea zile kengele na kuzijibu, na kuzishughulikia treni zilizofika upande ule. Akaiita "Crispin wa Kujiendesha Mwenyewe".

Wenye reli za mfano wanapoisimulia mashine hiyo hutabasamu, maana ni kazi ya akili ya ajabu kwa mtu aliyekuwa akiifanya nje ya kazi yake ya kanisa. Mimi nilitabasamu pia, kisha nikaacha. Wazazi mnaosoma hapa, ambao watoto wenu wako Dar es Salaam au Dubai au Leipzig, mnajua ile hali ya kupiga kengele na kusubiri. Wengine huwasha televisheni ili nyumba iwe na sauti. Denny aliipa ile nafasi jina la mwanawe, akaendelea na ratiba.

Kasisi wa pili mnamjua bila kujua kwamba mnamjua. Watoto wengi wameitazama katuni ya treni ya bluu yenye uso, Thomas. Aliyemtunga ni Wilbert Awdry, kasisi wa Kianglikana, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 1997. Baba yake naye alikuwa kasisi na mpenzi wa reli. Aliwahi kutandaza reli ya mfano nje, karibu na nyumba yao, yenye urefu wa zaidi ya mita thelathini. Awdry alikuwa mtu wa kupinga vita kwa dhamiri, na msimamo huo ulimfungia mlango wa kupewa mtaa wake mwenyewe katika miaka ile migumu. Wakati wa vita mtoto wake aliugua surua, na baba akawa anamsimulia hadithi za injini kando ya kitanda ili atulie. Kisha akamtengenezea injini kwa mpini wa ufagio na vipande vya mbao. Mtoto alitaka na ile injini kubwa, lakini mbao hazikutosha kwa sababu ya uhaba wa vita, akapewa injini ndogo. Ile ndogo ikaitwa Thomas. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1945, na kufikia mwaka 1972 Awdry alikuwa ameandika 26. Baadaye alijenga reli ya mfano ya nchi yake hiyo ya kubuni na kwenda nayo kwenye maonyesho, kasisi mzima na boksi lake la treni.

Hapa kuna msomaji atakayesema, "Sawa Mchungaji, lakini huyo wa pili alizaa matunda. Vitabu vilisomwa, watoto walifurahi. Yule wa kwanza je? Faida yake ni nini?"

Ni swali langu mwenyewe, na nimelala nalo. Sisi tumefundishwa kupima kila kitu kwa mavuno, na simlaumu aliyetufundisha, maana njaa tunaijua. Lakini fungueni Wafalme wa Kwanza, sura ya 7. Pale Hiramu fundi wa shaba anatengeneza nguzo mbili za kusimama mbele ya hekalu, kila moja dhiraa 18 kwenda juu, ambazo ni kama mita nane. Juu kabisa ya nguzo anaweka vichwa vyenye kazi ya mayungiyungi na minyororo ya kusuka, na komamanga za shaba 200 zilizopangwa kwa safu. Mita nane kwenda juu! Nani chini pale angehesabu kama komamanga ni 200 au 190? Mwandishi wa Wafalme alizihesabu, akaziandika. Na kabla ya hapo, katika Kutoka 31, Bezaleli anajazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kuchonga mbao na kukata vito. Roho huyo alimjia fundi mwenye patasi, na hakupewa hotuba yoyote ya kutoa.

Kule Oxfordshire, Uingereza, katika kijiji cha Long Wittenham, ipo makumbusho inayoitwa Pendon. Aliyeianzisha ni Roye England, kijana aliyetoka Australia mwaka 1925. Aliviona vijiji vya bonde lile, nyumba za mawe na matofali zenye mapaa ya nyasi, akavipenda. Kisha akaona nyasi zinaondolewa, nyumba zinabadilishwa, na hakuna anayeandika chochote. Hakuwa na uwezo wa kuzuia. Akaanza kupima nyumba moja moja na kuzijenga upya kwa kadibodi, ndogo mara 76. Kila tofali linakwaruzwa kwa ncha na kupakwa rangi yake peke yake. Paa la nyasi linatengenezwa kwa katani ya mafundi bomba. Bustani zina safu za mboga. Nyumba moja inaweza kula miaka ya mtu. England alifariki mwaka 1995, na wanaojitolea wanaendelea na kazi mpaka leo. Treni zinapita katikati ya yote hayo, lakini nadhani ukisimama pale unasahau treni, unatazama madirisha.

Nilipolisoma hilo nilikumbuka nyumba ya bibi yangu. Ilikuwa na kibaraza cha udongo alichokipaka kila Jumamosi kwa mkono, akiacha alama za vidole kama mawimbi. Ilibomolewa nilipokuwa chuo. Hakuna picha hata moja. Wiki iliyofuata nilikata kadibodi na kuanza kuijenga nyuma ya stesheni, nyuma ya mwembe, mahali ambapo anayesimama mbele ya ubao hawezi kuiona. Zile alama za vidole nimejaribu kwa sindano mara tisa. Bado.

Lakini nisiwachoree picha ya upande mmoja. Lugha yetu ina neno uraibu. Kwa wengine ni jambo ulipendalo, unalolifanya kwa raha yako muda wa mapumziko, na kwa wengine ni ile hali ya mtu aliyetekwa na dawa za kulevya. Neno ni lile lile. Wahenga wa lugha walituonya bila kuhutubu. Nimesikia mama wa nyumbani akilalamika kwamba mumewe anaijua timu yake ya mpira kwa majina hata ya akiba, ila darasa la mtoto wake halijui. Treni inaweza kufanya vivyo hivyo. Kwangu nimeweka mpaka: saa mbili Jumatatu jioni, ambayo ni siku ya mapumziko ya wachungaji, na hakuna shilingi inayotoka nyumbani bila mama watoto kuijua. Kadibodi zinatoka kwenye maboksi ya biskuti.

Na hata ukiweka mpaka, kuna moto.

John Allen alikuwa mpiga picha katika mji wa Monterey, California. Kwa karibu miaka ishirini alijenga chini ya nyumba yake reli ya mfano ambayo wenzake wengi, mpaka leo, huitaja kama iliyo bora kuliko zote za wakati wake. Milima ilianzia sakafuni ikafika darini. Aliweka vioo mahali penye akili ili bonde lionekane halina mwisho. Ni yeye aliyewafundisha wengi ile kazi ya kuchakaza, kutu na vumbi na mbao zilizopasuka. Na alikuwa mcheshi. Jina la reli yake, Gorre & Daphetid, ukilitamka kwa Kiingereza linasikika kama "iliyojaa damu na kushindwa". Kazi ya kupanga mabehewa stesheni alimpa mnyama wa kale, mjusi mkubwa mwenye magamba mgongoni, jina lake Emma, namba 13. Yaani katikati ya ufundi wote ule wa kuiga ukweli kwa uangalifu, mjusi anavuta mabehewa. Nilipomwona nilicheka peke yangu, kisha nikakumbuka Zaburi ya 104, mahali mtunga zaburi anapotazama bahari, anaziona merikebu, halafu anamtaja Lewiathani, na anasema kwamba Mungu alimwumba ili acheze humo. Merikebu zina kazi. Mnyama yule ameumbwa kwa mchezo. Mungu wa Zaburi ya 104 haoni aibu akiulizwa.

Tarehe 6 Januari 1973 Allen alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Siku kumi baadaye nyumba ilishika moto, na reli ile ikateketea karibu yote. Zimebaki picha alizopiga mwenyewe.

Mnalijua fungu linalotaka kusomwa hapa, la Mathayo 6, la hazina na nondo na kutu. Ningeweza kulisoma na kufunga Biblia. Lakini naomba tusilisome kwa haraka kama watu wanaofurahia kwamba cha mwenzao kimeungua. Allen hakuweka hazina ya kuuza. Jioni nyingi nyumba ile ilijaa marafiki walioendesha treni pamoja naye, kila mmoja na kazi yake, wakifuata ratiba. Moto uliteketeza jasi na mbao. Zile jioni zilikuwa zimekwisha kutumika, na jioni iliyokwisha kutumika na marafiki haishiki moto. Buckingham ya Denny, kwa upande wake, haikuungua. Mpenzi mwingine wa reli aliichukua, akaisimamisha nyumbani kwake, na treni zikaendelea kutembea. Mmoja moto, mmoja mrithi. Siwezi kusema nani alikuwa mwema zaidi ya mwenzake, na wala siamini kwamba jibu liko kwenye kile kilichobaki.

Marko anaandika, katika sura ya 6, kwamba wanafunzi walirudi kutoka kazini wamechoka, watu wanaingia na kutoka, hata nafasi ya kula hawana, na Yesu akawaita waende kando wapumzike kidogo. Ninyi mnaofahamu habari hiyo mnajua kilichofuata: watu waliwawahi kule ng'ambo, na kazi ikaanza tena. Mapumziko yao yalikuwa ni safari ya mashua tu. Zamani nilihubiri kwamba somo lile linafundisha utumishi usiochoka. Siku hizi naiangalia zaidi ile mashua.

Sasa turudi kwa mzee.

Jumatatu iliyopita nilimpigia simu nikamwomba aje. Alidhani ni habari ya paa. Nilimkaribisha, mama watoto akaleta chai, nikasema, "Mzee, siku ile nilikudanganya. Ule ubao si wa wajukuu. Ni wangu. Daktari aliniambia nipumzike, na ndivyo ninavyopumzika. Naomba unisamehe."

Hakujibu. Aliweka kikombe chini, akasimama, akaenda chumba cha nyuma kama mtu anayeijua njia. Nikamfuata. Akainama juu ya ubao, mikono nyuma, akaifuata reli kwa macho kutoka ncha moja mpaka nyingine, akarudi. Nikaanza kumweleza juu ya majani ya chai. Akainua mkono ninyamaze.

"Mchungaji, treni unazo ngapi?"

"Moja, mzee. Ya pili mwanangu ataileta Krismasi."

"Na hii njia ni moja."

"Ni moja."

"Zitapishana wapi?"

Nikatazama. Miezi mingi nimebandika kokoto, nimepanda miti, nimechora kutu kwenye bati la choo cha stesheni, na sijaweka njia ya kupishania. Hapo ndipo nilipokumbuka nilichokisoma zamani kwenye daftari la washarika na kukisahau: mzee huyu alifanya kazi ya reli miaka thelathini, sehemu kubwa akiwa msimamizi wa stesheni za njia moja, huko ambako kazi yenyewe ilikuwa ni kuhakikisha treni mbili hazikutani.

"Wakati ule nilipokuja," akasema, "niliona. Nikasema moyoni, hii ni ya watoto, haidhuru."

Akavua koti, akalitundika mlangoni, akavuta kiti.

"Lete penseli. Na huo mwembe, itabidi usogee."